Mshale Uliosogea Wenyewe

Siku kaka yangu alipotoka na hakurudi, alisema maneno machache tu mlangoni: "Bando limeisha, nakuja sasa hivi." Alikuwa amevaa kandambili na shati la nyumbani lililolegea kola, mkononi ameshika simu yenye kioo kilichopasuka. Kompyuta aliiacha wazi juu ya meza. Mama alimwambia apitie na sukari. Kaka akajibu, "Nikileta sukari utasema nimesahau majani." Mama akamwambia aondoke na mdomo wake. Mlango aliurudisha tu, hakuufunga, kwa sababu duka liko ng'ambo ya barabara, na mtu hafungi mlango kwa safari kama ile.

Nilisikia breki. Sikushtuka, maana barabara yetu magari hufunga breki kutwa. Nilikuwa naosha vyombo. Nilishtuka niliposikia mwenye duka anapiga kelele, mtu mpole ambaye hata watoto wakimwibia pipi huongea nao kwa kunong'ona. Nilitoka na povu la sabuni mikononi. Kandambili moja ilikuwa katikati ya barabara, imegeuka chini juu. Nyingine alikuwa bado ameivaa. Simu ilikuwa mkononi mwake, na kioo hakikuwa kimeongeza hata ufa mmoja. Nililitazama lile jambo la kioo kuliko nilivyomtazama yeye. Sijui kwa nini. Alikata roho kabla hatujafika hospitali.

Ninaandika haya ili nisije nikayasahau, hasa yaliyokuja baadaye, kwa sababu nikimsimulia mtu kwa mdomo ananitazama kama mtu ambaye msiba umempanda kichwani.

Kaka alikuwa mchoraji katika karakana ya miguu bandia. Watu wakisikia mguu bandia wanafikiria unyayo na ule mti wake, lakini kazi yenyewe iko juu, kwenye kile wanachokiita kikombe, pale kigutu cha mguu kinapoingia. Kikombe kikibana, ngozi inachubuka. Kikilegea, mguu unacheza na mtu anaanguka. Kaka alikuwa akichora vikombe kwenye kompyuta, akivizungusha kwenye kioo huku na huku kama mtu anayechagua nanasi sokoni. Wenzake walimpachika jina la Milimita, kwa sababu alikuwa akigombana nao kwa kitu kisichoonekana kwa macho.

Pale karakana wana mashine ya kuchonga. Mchoro ukishahifadhiwa tu, mashine inauchukua yenyewe na kuanza kuchonga umbo kwenye povu gumu, kisha mafundi wanalivika lile umbo plastiki ya moto. Walipanga hivyo ili kazi isilale. Kwa hiyo wachoraji walikuwa na mwiko wao: mtu hahifadhi mpaka amalize. Aliyewahi kujisahau akahifadhi kazi nusu, asubuhi alikuta mguu usio na mdomo umetundikwa juu ya kiti chake, umeandikwa kwa kalamu nene, "Hongera kwa kujifungua."

Mama alipokatwa mguu wa kushoto kwa sababu ya kisukari, Kaka aliomba afanyie kazi nyumbani ili awe karibu naye. Tatizo ni kwamba programu ya kuchorea ilikuwa nzito, na kompyuta ya mapajani aliyoazimwa na karakana ilikuwa kuukuu, ikifungua picha mbili inapumua kama mgonjwa. Siku aliponionyesha jinsi anavyofanya, Mama alikuwa amekaa pale pale.

"Hii hapa haifanyi kitu," alisema Kaka, akigonga kompyuta yake kwa kidole. "Hii ni dirisha tu. Programu iko kule karakana, kwenye kompyuta pepe."

"Pepe ndiyo nini?" Mama akauliza.

"Kompyuta isiyo na sanduku lake, Mama. Iko ndani ya kompyuta nyingine kubwa. Kama chumba cha kupanga ndani ya nyumba ya mtu."

"Na kodi nani analipa?"

"Karakana."

"Basi tuhamie wote."

Kaka alicheka mpaka akakohoa. Halafu akatuonyesha. Alisogeza mausi mezani kwetu, na kule karakana, umbali wa mtu kupanda gari, mshale ukasogea. Alibonyeza hapa, kitu kikafunguka kule, na picha yake ikarudi kwenye kioo chetu. Paswadi aliiandika huku akiitamka kwa sauti, herufi moja moja, kama alivyofanya siku zote. Nyumba nzima tuliijua.

Mguu wa Mama aliupima mwenyewe. Alikuja na kile kifaa chao cha kupiga picha kuzunguka mguu, akakizungusha kwenye kigutu taratibu, Mama akimgombeza kwamba mikono yake ni baridi. Alipomaliza alimwambia, "Mama, huu utauvaa mpaka uusahau." Akaanza kuuchora jioni ile. Asubuhi ya siku aliyotoka kununua bando, alikuwa ameniambia jikoni, akiwa anapuliza chai, "Imebaki ukingo wa juu tu."

Tulipotoka kuzika, mkuu wa karakana alikuja kutupa pole, pamoja na mchoraji mwenzake Kaka ambaye wanamwita Kibiriti, kijana mwembamba mwenye kichwa kilichochongoka, anayewaka upesi na kuzimika upesi. Baada ya maneno ya pole, Kibiriti aliinamisha kichwa akasema mchoro wa Mama wameutafuta kila mahali hawakuupata.

"Hakuuhifadhi," alisema. "Na hatuwezi kumlaumu, ndivyo tunavyofanya wote. Ila sisi tukiwa nyumbani tunaita dirisha la programu lije kwenye kompyuta zetu. Mtandao ukikatika, dirisha linakufa, na programu inakufa kule kule. Bando lake lilipoisha, kazi ilikwenda nalo."

Nilihisi kama mtu amenivuta mkeka nikiwa nimesimama juu yake. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba angalau mguu upo.

"Lakini si neno," mkuu akasema haraka. "Kibiriti atampima Mama upya. Hata leo."

Mama alikuwa amekaa kwenye godoro, amejifunika kanga mpaka mabegani. Alisema, "Aliyenipima ameshanipima."

"Mama, ni dakika chache tu," Kibiriti akasema. "Mimi na Milimita tulikuwa tunashirikiana mpaka kijiko cha chai."

"Kijiko shirikianeni. Mguu wangu uacheni."

Tulijaribu wote. Shangazi alijaribu kwa upole, baba mdogo alijaribu kwa ukali. Daktari alituonya kwamba mtu asiposimama mapema, goti linakakamaa likiwa limekunjika, na baada ya hapo mguu bandia hauna kazi. Mama alisikiliza, akashukuru, akageukia ukutani. Nilimwelewa vizuri kuliko walivyodhani. Mikono ya mwisho kumshika pale ilikuwa ya mwanawe, na hakutaka mikono mingine ije juu yake. Lakini nilikuwa pia ndiye ninayemwinua kwenda chooni, na nilikuwa nimeanza kusikia goti lile linavyogoma.

Siku zikapita. Chakula alikionja akarudisha sahani. Magongo yaliegemea ukuta yakashika vumbi.

Halafu karakana wakapiga simu kuomba kompyuta. Walikuwa wanahamia kwenye mitambo mipya, na vifaa vyote vilivyo majumbani virudi. Mchana mmoja nikakaa nayo ili nitoe picha za familia kabla sijaipeleka. Niliiunganisha kwenye chaji, nikaiwasha, nikaweka paswadi. Picha zilikuwa nyingi, nikataka kuzituma kwenye simu yangu, nikaunganisha bando langu.

Kwenye kioo kulikuwa na ile alama ndogo ya skrini aliyokuwa akiibonyeza kila asubuhi. Sikuwa na sababu. Niliibonyeza kama vile mtu anavyofungua kabati la marehemu kunusa shati. Ikauliza paswadi, nikaiandika. Nilijikuta naitamka kwa sauti.

Kioo kikawa cheusi. Halafu mguu wa Mama ukatokea.

Nilirudisha kiti nyuma. Ulikuwa pale, rangi ya samawati iliyofifia, umesimama katikati ya kioo, umeinamishwa kidogo upande kama alivyokuwa anapenda kuuinamisha ili aone ukingo. Nilijua ni wa Mama kwa kile kibonde cha pembeni, pale kidonda kilipochelewa kufunga. Pembeni yake kilikuwa wazi kikokotoo kidogo. Alikuwa ameandika tatu, kisha nukta. Baada ya nukta hapakuwa na kitu.

Nilikitazama kile kikokotoo nikaelewa. Alikuwa anaandika namba. Bando likaisha kidole chake kikiwa kinakwenda kwenye tarakimu inayofuata. Akainuka, akavaa kandambili. Na kule karakana, muda wote huu, tukiwa tunamwosha, tunamzika, tunagawa nguo zake, ile namba ilikuwa inamngoja aimalizie.

Nilikuwa nimeweka mikono yangu yote miwili mdomoni. Naandika hivyo kwa makusudi, ili ieleweke: mausi hakuna aliyeigusa.

Mshale ukasogea.

Ulitoka pembeni ya kikokotoo, ukapita juu ya mguu wa Mama, ukasimama. Ukasogea tena. Ulikuwa unakwenda kama unavyokwenda ukiwa na mtu, kwa kusitasita, kwa kujikunja kidogo njiani. Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao.

"Kuna nini?" Mama akaita kutoka chumbani. "Wewe! Kuna nini?"

Nilisikia gongo moja linagonga sakafu, kisha la pili. Mama ambaye tulikuwa tunambembeleza asimame alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, kanga inaburuta, akashika fremu ya mlango. Akatazama kioo. Akauona mguu. Akauona mshale unatembea na mimi mikono yangu iko mdomoni.

Uso wake sitausahau. Haukuwa na woga hata chembe.

"Yuko kazini," alisema.

"Mama..."

"Nyamaza. Usimsumbue. Si unaona yuko kazini?"

Mshale ulipanda mpaka pembe ya juu ya dirisha, kwenye ile alama ya kufungia. Ukabonyeza. Kikatokea kiboksi katikati: Kuna mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa. Uhifadhi? Chini yake, Ndiyo, Hapana, Ghairi. Mshale ukashuka polepole, ukapita Ndiyo, ukaelekea kwenye Hapana.

Sikufikiri. Kama ni Kaka, kama ni mzimu, kama ni mwizi, sikufikiri. Niliidaka mausi nikaivuta kwa nguvu. Mshale ukaruka mpaka chini ya kioo. Ukatulia. Halafu ukavutwa juu. Nikauvuta chini. Ukavutwa juu tena, safari hii kwa hasira, nami nikaubana pembeni ya kioo na kuishika mausi kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mlango.

"Unamfanyia nini mwenzio?" Mama alisema. "Mwache!"

Upande wa pili mkono ukaachia. Kisha karatasi nyeupe ikafunguka juu ya mguu, na herufi zikaanza kuingia, moja baada ya nyingine, bila mtu kugusa kibodi yetu.

Mama husoma kwa kutamka. Alisogea, akaegemea bega langu, nikausikia uzito wake wote, akaanza kufuata herufi zinavyokuja.

"Na... ni. Nani. Nani a-na-tu-mia." Alitabasamu. "Anauliza ni nani. Mwambie ni sisi." Herufi ziliendelea. "Nani anatumia ma-shi-ne. Mashine ya." Akangoja. "Ma-re..."

Hakuimalizia. Neno lilijimalizia lenyewe kwenye kioo, na alama ya kuuliza mbele yake.

Nani anatumia mashine ya marehemu?

Nilihisi bega langu linakuwa jepesi. Mama alikuwa amejishusha kwenye kiti cha Kaka, taratibu, magongo yakaanguka moja huku na moja kule, akabaki anakitazama kioo kama mtu aliyepigwa kofi na mtu anayempenda.

"Kwa hiyo si yeye," alisema.

"Si yeye, Mama."

"Nilijua si yeye," alisema. Kisha akasema tena, kwa sauti ndogo zaidi, "Nilijua."

Niliandika: Ni dada yake usibonyeze hapana. Kisha herufi zikaja mbio, zote kubwa, na nikamjua kabla hajajitaja: DADA UMENIUA PIGA SIMU.

Nilipiga. Kibiriti alipokea kabla simu haijaita vizuri. Alikuwa anahema.

"Dada! Unajua nimefanya nini? Nimeruka kutoka kwenye kiti. Chai yote iko kwenye suruali. Niko peke yangu chumbani hapa, nafunga vitu vya Milimita, mara mshale unaninyang'anya! Nimeita jina la Mungu na la mama yangu kwa pamoja."

"Ulikuwa unabonyeza Hapana!"

"Nimeambiwa nifunge kila kilicho wazi! Leo saa kumi wanaifuta hii kompyuta pepe, haitakuwepo tena. Nafunga bila kutazama, dada, watu wameacha hata michezo ya karata." Nilisikia kiti chake kinalia. Aliposema tena sauti ilikuwa imebadilika. "Subiri. Huu ni mguu wa nani?"

"Wa Mama."

"Haiwezekani. Ilikufa siku ile."

"Niko naukodolea macho, Kibiriti."

Alitukana, kisha akaomba radhi, kisha akacheka kicheko cha mtu anayetaka kulia. Akanieleza. Wao wote walikuwa wakileta dirisha moja nyumbani. Kaka, bila kumwambia mtu, alikuwa amejitengenezea meza nzima kule kule, ndani ya kompyuta pepe, na kutoka nyumbani alikuwa anaichungulia tu. Ukikata mtandao, unachokata ni macho yako. Meza inabaki ilivyo, programu zinabaki wazi, hakuna anayezigusa.

"Mjanja yule," Kibiriti alisema. "Na hakusema! Mimi kila bando likiisha naanza kazi upya, yeye ananitazama tu anapuliza chai."

Mama alinyoosha mkono akiomba simu. Nikaweka sauti ya nje.

"Wewe ndiye uliyeandika?"

"Shikamoo, Mama. Ndiye mimi. Naomba unisamehe, sikujua kama..."

"Marahaba. Umenitisha."

"Na nyie mmenitisha, Mama. Nimejimwagia chai."

"Ya moto?"

"Ya moto sana."

"Vizuri," Mama akasema. Na kwa mara ya kwanza tangu siku ile, nilisikia kitu kama pumzi ya kawaida inatoka kifuani mwake. "Sasa niambie. Mwanangu amemaliza?"

Kibiriti alivuta kiti. Kwenye kioo mshale ulibonyeza Ghairi, kile kiboksi kikaondoka, na mguu ukaanza kuzunguka, nyuma, mbele, ukalala, ukasimama.

"Karibu amalize," alisema. "Imebaki ukingo wa juu. Bila ukingo, plastiki itamkata ngozi. Mama, nikihifadhi hivi hivi, mashine inachonga hivi hivi. Na nikiacha, saa kumi hakuna kitu. Kwenye kikokotoo ameandika tatu nukta. Alikuwa anatafuta unene. Nukta ngapi, dada? Alisema?"

"Hakusema."

"Hakuandika popote?"

"Kibiriti, bando liliisha."

Tukakaa watu watatu, wawili huku na mmoja kule, tunaitazama ile nukta. Nilikuwa naomba moyoni Mama asiseme mguu uachwe. Saa ya pembeni ya kioo ilikuwa inatembea. Nilitazama mikono ya Mama. Alikuwa ameshika pembe ya meza kwa vidole vyote, pale pale Kaka alipokuwa akiweka kiwiko.

"Wewe unajua kazi hii?" aliuliza.

"Najua, Mama. Si kama yeye. Lakini najua."

"Basi weka unayojua wewe."

Mshale ulikwenda kwenye kikokotoo. Ulisimama hapo kitambo. Kibiriti aliandika tarakimu moja baada ya nukta ya kaka yangu, nami nikafumba macho, sikutaka kuona namba inakamilika. Nilipofumbua alikuwa ameshaanza ukingo. Alikuwa akivuta kidogo, anazungusha, anavuta tena, na kwenye simu alikuwa akinong'ona peke yake, "Hapana, Milimita angenipiga... hapa, hapa ndiyo." Mama hakupepesa macho. Wakati mmoja alisema, "Unaharakisha," na Kibiriti akasema, "Ndiyo, Mama," akapunguza mwendo.

Alipomaliza aliniambia, "Dada, toa kabisa mkono kwenye mausi. Tukivutana tena tutabonyeza kisichobonyezwa." Niliinua mikono juu kama mtu aliyeelekezewa bunduki. Mshale ukaenda, ukabonyeza Hifadhi.

"Sikilizeni," Kibiriti akasema. Nilisikia akitembea, mlango, halafu mngurumo mkubwa wa chuma kinachokula povu. Mashine ilikuwa imeuchukua. Mama alisogeza simu sikioni akasikiliza mpaka mwisho, na mwisho ulikuwa mbali.

Saa kumi ilipofika tulikuwa bado tumekaa pale. Meza ya Kaka ilikuwa kwenye kioo, kikokotoo chake, karatasi nyeupe yenye neno lile, mguu. Hakuna aliyeizima mbele yetu. Picha iliganda tu, kisha kikatokea kijisentensi kwamba mtambo haupatikani. Mama aliuliza kama nikibonyeza tena utakuja. Nilibonyeza. Haukuja. Nilibonyeza tena bila kuulizwa.

Mguu uliletwa wiki iliyofuata. Kibiriti aliuleta mwenyewe, ameuviringisha kwenye taulo kama mtoto. Jirani alikuja, shangazi alikuja, mwenye duka aliacha duka. Mama aliketi ukingoni mwa kitanda, akaingiza kigutu, akasimama akiwa ameshika mabega yangu.

Mguu ukazunguka.

Unyayo uligeuka ukatazama dirishani, goti la Mama likiwa linatazama mbele. Shangazi alishika mdomo. Mama alijitahidi kusema uko sawa, uko vizuri, ni mgeni tu. Akaomba soksi. Akavaa soksi moja kwenye kigutu, akavaa nyingine juu yake, akavaa ya baba mdogo ya sufu. Uso wa Kibiriti ulikuwa umebadilika rangi.

"Ni ile tarakimu," alisema. "Ni mimi. Nimekosea tarakimu."

Alipiga magoti, akaingiza kidole kati ya plastiki na ngozi. Akakipitisha kuzunguka, kwanza juu kwenye ukingo wake, kisha chini, kwenye kazi ya Kaka, mpaka kwenye kile kibonde cha pembeni. Kidole kilipita kote. Alikipitisha tena. Halafu akainua kichwa.

"Si ukingo," alisema. "Kikombe kiko sawa chote, ndivyo mguu ulivyokuwa. Mama, umekonda. Mguu alioupima Milimita haupo tena."

Mwenye duka alitazama chini. Mimi nilimtazama Mama, nikamwona kwa mara ya kwanza: mikono yake, shingo, kanga iliyokuwa inamzunguka mara mbili. Nilikuwa namwinua kila siku na sikuona. Nilidhani mimi ndiye ninayepata nguvu.

Mama alikataa kuuvua. Siku kadhaa alikaa nao, ameujaza soksi, akisema utakaa, nikianza kula utakaa. Kweli akaanza kula, kwa hasira, kama mtu anayelipiza. Lakini Kibiriti alituambia nyama ya kigutu haijai tena ilivyokuwa, hata mtu akinenepa vipi. Jumanne aliinuka kwenda kufunga dirisha bila kuniita. Nilisikia kishindo. Nilimkuta sakafuni, mguu umechomoka uko peke yake chini ya meza na soksi zote ndani yake, yeye anashika kiwiko, halii.

Nilimwinua. Alikaa, akaniomba nimletee ule mguu. Akazitoa soksi moja moja, akazikunja. Akatia mkono ndani ya kikombe, akaupitisha pale kwenye kibonde, akaurudisha.

"Alipatia," alisema.

"Alipatia, Mama."

"Mwite yule mwenye chai."

Kibiriti anakuja kesho asubuhi na kile kifaa chao, kumpima Mama upya.